Uga wa sumaku wa kubuni: nuru ikirudi, inakuta nini?

Mwaka 2024 makundi mawili ya wanafizikia, moja la Chuo Kikuu cha Penn State nchini Marekani na jingine la taasisi ya AMOLF pamoja na Chuo Kikuu cha Delft nchini Uholanzi, yalichapisha matokeo yanayofanana. Kila kundi lilikuwa limeifanya nuru, ndani ya kipande chembamba cha silikoni, iwe na tabia ya elektroni iliyotiwa kwenye uga mkali wa sumaku. Sumaku yenyewe haikuwapo. Kulikuwa na matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, yaliyotobolewa kwa mpangilio uliopindishwa kidogo kidogo kutoka upande mmoja wa kipande hadi mwingine.

Nimeyasoma matokeo hayo kwa furaha, na kwangu ni miongoni mwa kazi nzuri sana za fizikia ya nuru katika muongo huu. Lakini kuna mkanganyiko katika fani hii unaonisumbua. Jina "uga wa sumaku wa kubuni" limebandikwa kwenye vitu viwili ambavyo, ukivipima kwa swali moja tu, vinaachana kabisa. Swali ni hili: nuru iliyopita ndani ya uga huo, ikigeuzwa na kurudishwa kwa njia ileile, inakuta uga uleule au inakuta uga uliopinduka? Asiyeuliza hilo ataahidi vitu ambavyo kifaa chake hakiwezi kuvitoa, na ahadi za namna hiyo zimeshakuwa nyingi.

Tuanze na sababu ya kuhangaika kubuni. Elektroni hupinda ndani ya uga wa sumaku kwa sababu ina chaji. Ndiyo kani inayozungusha feni na pampu. Fotoni, yaani chembe ya nuru, haina chaji. Pitisha mwale wa leza hewani katikati ya sumaku kali, nao utanyooka kama vile sumaku haipo. Yote ambayo sumaku huyafanya kwa elektroni, nuru imenyimwa kwa asili yake.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa London, Septemba 1845. Michael Faraday, akiwa Royal Institution, alipitisha nuru ndani ya kipande cha kioo kizito chenye risasi, akakiweka kwenye sumaku-umeme, akaona kwamba mwelekeo wa mtikisiko wa nuru umezunguka. Njia ya nuru haikupinda hata kidogo. Kilichozunguka ni ule mwelekeo ambao mawimbi yanatikisikia.

Hapo ndipo swali la kurudi linapoonekana wazi. Maji ya sukari nayo huzungusha mwelekeo wa mtikisiko wa nuru. Hilo lilijulikana hata kabla ya Faraday, na viwanda vya sukari hulitumia kupima kiasi cha sukari katika maji ya miwa. Tuseme nuru imepita kwenye bomba la maji ya sukari na kuzungushwa nyuzi 45. Weka kioo cha kuakisi mwishoni ili irudi. Njiani inajizungusha kinyume, na inatoka kama ilivyoingia. Sasa fanya hivyohivyo na kioo cha Faraday. Inapokwenda inazunguka nyuzi 45, na inaporudi haifuti mzunguko ule, inaongeza nyuzi 45 nyingine juu yake. Inatoka imegeuka nyuzi 90, na kichujio kilichoipokea mwanzo, kinachopitisha mwelekeo mmoja tu wa mtikisiko, sasa kinaikatalia. Sukari hupima kulia na kushoto kwa kufuata safari ya nuru yenyewe, kwa hiyo safari ikigeuka, na mzunguko unageuka. Sumaku hupima kwa kufuata mwelekeo wa uga, na uga haugeuki kwa sababu nuru imegeuka. Ukitazama tokeo la safari ya kwenda peke yake, huwezi kuvitofautisha vitu hivi viwili.

Kifaa kilichojengwa juu ya tofauti hiyo huitwa aizoleta, na kazi yake ni ile ya valvu ya njia moja kwenye bomba la maji. Leza ikirudishiwa hata sehemu ndogo ya nuru yake huyumba. Amplifaya ikirudishiwa nuru huanza kukuza kelele zake yenyewe. Mikongo ya baharini iliyofika pwani yetu, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 kisha EASSy mwaka 2010, ina amplifaya zilizolazwa sakafuni mwa bahari kila baada ya makumi ya kilomita, na nuru inayopita humo hulindwa kwa aizoleta zenye sumaku halisi. Anayesoma makala haya Mombasa au Dar es Salaam huenda ameletewa maneno haya na nuru iliyovuka makumi ya vifaa vya aina hiyo.

Tatizo ni kukiingiza kifaa hicho kwenye chipu. Ganeti ya terbiamu na galiamu, fuwele inayotumika sana kwa nuru inayoonekana, ikiwekwa kwenye uga wa tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) inahitaji urefu wa karibu milimita 6 ili kuzungusha nuru nyekundu ya leza nyuzi 45. Mkononi, milimita 6 ni kitu kidogo. Kwenye chipu ya silikoni, ambako njia ya nuru ina upana wa takriban nusu ya maikromita, ni safari ndefu mno, na bado hujapata pa kuiweka sumaku. Ganeti zenye chuma ndani yake hufanya vizuri zaidi kwenye nuru ya mawasiliano, ila hazipatani na silikoni: mpangilio wa atomi zake hauoani na wa silikoni, na kuziotesha juu ya chipu bila kuziharibu ni kazi ngumu. Ndiyo maana watu wakaanza kutafuta uga usiohitaji sumaku.

Ili kuelewa jinsi uga unavyobuniwa, inabidi kujua sumaku huifanyia nini elektroni tukiitazama kama wimbi. Mwaka 1959 Yakir Aharonov na David Bohm, wakiwa Bristol, walionyesha kwa hesabu kwamba elektroni ikipita kandokando ya sumaku, mahali ambapo uga wenyewe haufiki, bado wimbi lake hubadilika fezi, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika kupanda na kushuka kwake. Mawimbi mawili yakiipita sumaku, moja kushoto na jingine kulia, yatakapokutana upande wa pili moja litakuwa limelitangulia jingine. Majaribio yalikuja kuthibitisha. Kwa lugha ya mawimbi, basi, uga wa sumaku ni hesabu ya fezi. Zunguka njia iliyofungwa mpaka ulipoanzia. Ukikuta fezi iliyobaki bila kufutika, ndani ya mzunguko huo pana uga. Zunguka kinyume, na fezi hiyo inageuka alama.

Na fezi, nuru inayo. Haihitaji chaji. Mhandisi akiweza kupanga njia za nuru kiasi kwamba kila mzunguko unaacha fezi anayoitaka yeye, nuru itafuata hesabu zilezile za elektroni ndani ya sumaku. Uhuru huu ni mkubwa kuliko unavyoonekana mara ya kwanza. Kwenye fuwele ya kawaida, ambamo atomi zimeachana kwa theluthi moja hivi ya nanomita, kuipa elektroni mzunguko mzima wa fezi katika kila chumba cha fuwele kungehitaji uga wa makumi ya maelfu ya tesla. Sumaku kali zaidi zinazoweza kuwashwa mfululizo, zile za Tallahassee huko Florida na Hefei nchini China, zinaishia kwenye takriban tesla 45. Kwa nuru, fezi kubwa kama hiyo hupatikana kwa kusogeza kipande cha njia yake kwa sehemu ndogo ya maikromita.

Kinachofukuziwa hapa ni tabia iliyoonekana kwanza kwa elektroni. Februari 1980, katika maabara ya Grenoble, Klaus von Klitzing aliona kwamba ukinzani wa tabaka jembamba la elektroni lililowekwa kwenye uga mkali hukaa kwenye thamani kamilifu, ngazi baada ya ngazi, bila kujali dosari za sampuli. Mwaka 1982 David Thouless na wenzake walieleza sababu: ngazi hizo zinatawaliwa na namba nzima za kitopolojia, yaani za tawi la hisabati linalochunguza sifa zisizobadilika kitu kikivutwa au kupindwa, na namba nzima haiwezi kupungua kidogo kidogo. Pembezoni mwa sampuli, elektroni hukimbia upande mmoja tu. Zikikutana na dosari huizunguka na kuendelea, kwa kuwa njia ya kurudi haipo kabisa. Mwaka 1988 Duncan Haldane akaonyesha kwamba si lazima kuwe na uga ulioenea sampuli nzima. Cha lazima ni kuvunja ulinganifu wa wakati, yaani kanuni kwamba mwendo wowote ukipigwa kinyume bado ni mwendo unaowezekana. Wote hao walitunukiwa Nobel: von Klitzing mwaka 1985, Thouless na Haldane mwaka 2016 pamoja na Michael Kosterlitz.

Ulinganifu wa wakati ndilo swali letu la kurudi kwa jina lake la kitaalamu. Sukari inauhifadhi, sumaku ya Faraday inauvunja.

Haldane huyohuyo, akishirikiana na Srinivas Raghu, ndiye aliyeuliza kama namba zile za kitopolojia zinahitaji elektroni hata kidogo. Jibu lao lilikuwa hapana: mawimbi yoyote yanayopita kwenye mpangilio unaojirudia yanaweza kuwa nazo, nuru ikiwemo. Waliandika hayo mwaka 2005. Jarida likayachapisha mwaka 2008. Mwaka mmoja baadaye Zheng Wang, Yidong Chong, John Joannopoulos na Marin Soljačić wa MIT wakalifanya jambo hilo maabarani. Walipanga fimbo za feraiti, kauri ya sumaku, kati ya sahani mbili za chuma, wakaziweka kwenye uga wa tesla 0.2, wakapitisha mawimbi ya maikro ya takriban gigahezi 4.5 kwenye ukingo wa msitu huo wa fimbo. Mawimbi yalikwenda upande mmoja, yakakataa kwenda upande wa pili. Wakachomeka kipande cha chuma katikati ya njia ili kuyaziba. Yalipinda kona, yakakizunguka kile chuma, yakaendelea mbele bila kurudi.

Jaribio lile mimi nalihesabu kuwa kipimo cha fani nzima. Kilichoonyeshwa kilikuwa ulinzi wa kweli, na kilitokana na sumaku ya kweli, kwa sababu feraiti huitikia sana sumaku kwenye gigahezi. Kwenye masafa ya nuru, ambayo ni makubwa mara makumi ya maelfu, mwitikio huo unadhoofika mno. Kwa hiyo waliotaka kulifanya hilo kwa nuru yenyewe walilazimika kutafuta njia nyingine, nao wakagawanyika.

Upande mmoja walikwenda walioamua kuuchezea wakati wenyewe. Kejie Fang, Zongfu Yu na Shanhui Fan wa Stanford walipendekeza mwaka 2012 kwamba vyumba vidogo vya nuru viunganishwe kwa viungo vinavyotikiswa kwa umeme, kila kiungo kwa fezi yake. Nuru ikivuka kiungo kutoka kushoto kwenda kulia inaichukua fezi hiyo. Ikivuka kutoka kulia kwenda kushoto inaichukua kinyume chake. Ndiyo hesabu ya Aharonov na Bohm, imeandikwa kwa mikono ya mhandisi. Mwaka 2014 kundi la Michal Lipson huko Cornell, likishirikiana na Fan, lilionyesha kwenye silikoni kwamba nuru inayokwenda na inayorudi zinapata fezi tofauti. Hapa swali la kurudi linajibiwa vizuri: nuru ikirudi, mtikisiko wa umeme hausimami kuisubiri, kwa hiyo inakuta uga uleule, kama kwenye kioo cha Faraday. Gharama yake ni kwamba kila kiungo kinataka waya wake na mtikisiko wa kasi, nao mtikisiko unaotosha bila kuipoteza nuru ni mgumu kuupata.

Upande wa pili walikwenda waliotumia umbo peke yake. Mohammad Hafezi na wenzake huko Maryland walipanga pete ndogo za silikoni kama mraba wa dama, wakaziunganisha kwa pete nyingine za katikati zilizosogezwa kidogo, juu kidogo huku na chini kidogo kule, ili nuru inayokwenda kulia isafiri urefu usio sawa na ule wa inayokwenda kushoto. Mwaka 2013 walipiga picha za nuru ya mawasiliano ikifuata ukingo wa mpangilio huo. Picha hizo ni nzuri na kazi ni ya uaminifu. Waandishi wenyewe walieleza wazi kwamba uga wao una pande mbili. Ndani ya pete nuru inaweza kuzunguka kwa kufuata saa au kinyume cha saa, na nuru za mizunguko hiyo miwili zinaona nyuga zenye alama zinazopingana. Dosari ya ukingo isiyogusa mzunguko wa pete haina madhara. Lakini ukuta wa pete ukiwa na kikwaruzo kinachougeuza mzunguko, nuru inahamia kwenye uga wa pili na kurudi ilikotoka. Mwaka huohuo kundi la Technion nchini Israeli na la Jena nchini Ujerumani, akiwamo Mikael Rechtsman, lilichonga kwa leza ndani ya kioo njia za nuru zilizojisokota kama chemchemi na kupata mwendo wa ukingoni ambao haurudi nyuma, kwa nuru inayosonga mbele ndani ya kioo hicho.

Rechtsman ndiye aliyeongoza baadaye kundi la Penn State nililolitaja mwanzo, na sasa tuisogelee silikoni ile.

Wazo lake limetoka kwenye grafini, tabaka moja la atomi za kaboni zilizopangwa kwa pembesita kama sega la nyuki. Elektroni za grafini zinazosafirisha umeme hukaa kwenye nukta mbili maalumu za ramani ya mwendo wake, na wanafizikia huziita mabonde mawili. Grafini ikivutwa kwa usawa, mabonde yanahama kidogo kwenye ramani hiyo, na mambo yanabaki kama yalivyokuwa. Ikivutwa kwa namna inayobadilika kutoka mahali hadi mahali, kuhama huko kunakuwa tofauti hapa na pale, na hesabu inayotoka ni ileile ya elektroni ndani ya sumaku. Mwaka 2010, huko Berkeley, vibonge vidogo vya grafini vilivyofura juu ya platinamu vilionyesha elektroni zenye tabia ya kuwa kwenye uga wa zaidi ya tesla 300, uga ambao hakuna sumaku ya kudumu inayoukaribia.

Silikoni ya mwaka 2024 ni sega la nyuki la nuru. Badala ya atomi kuna matundu, na nafasi kati ya tundu na tundu ni sehemu ya maikromita. Yakipangwa sawasawa, nuru ndani yake ina mabonde mawili kama elektroni za grafini. Kisha mpangilio unapindishwa. Mpindo hauwi wa kiholela. Ukitaka uga ulio sawa kila mahali, uhamaji wa mabonde lazima uongezeke kwa kiwango kilekile kila unaposonga hatua moja, kwa hiyo matundu yenyewe husogezwa kwa kuufuata mkunjo wa kiparabola. Kwa jicho usingetambua kitu. Tofauti ya tundu moja na jirani yake ni ndogo mno, na kinachofanya kazi ni ule mfululizo wake wote.

Nuru ikitiwa humo, masafa yake, ambayo awali yangeweza kuwa yoyote, yanajikusanya kwenye vidato vilivyoachana. Ndivyo viwango vya Landau, vilivyokokotolewa na Lev Landau mwaka 1930 kwa elektroni. Hata nafasi kati ya vidato inasema kitu: kwa elektroni za kawaida vidato vimeachana sawasawa, ilhali kwa zile za grafini umbali kutoka katikati hukua kwa kipeuo cha pili cha namba ya kidato, na nuru ya silikoni ilifuata kanuni hiyo ya grafini. Kundi la Penn State lilikuta pia kwamba vidato vyao havikuwa tambarare kama nadharia nyepesi inavyotaka. Vilikuwa na mteremko. Wakaongeza mpindo wa pili, unaofanya kazi ya uga wa umeme wa kubuni, na vidato vikalala. Kipande hiki cha kazi nakipenda kuliko vyote: kasoro ilionekana, ikaelezwa chanzo chake, ikarekebishwa kwa chombo kilekile cha kusogeza matundu.

Nuru ikirudi, je? Inakuta uga uliopinduka. Mpindo wa matundu ni umbo, na umbo linahifadhi ulinganifu wa wakati kama sukari ilivyouhifadhi. Bonde moja linaona uga unaoelekea juu, bonde la pili linaona uga unaoelekea chini, na nuru inayorudi ndiyo nuru ya bonde la pili. Kwa njia hii hutengenezi aizoleta leo wala kesho, hata ukiwa na mashine bora za kutoboa matundu duniani, kwa kuwa kinachozuia ni kanuni yenyewe. Mwaka 2013 jambo hili lilikuwa limevurugika kiasi kwamba Dirk Jalas na kundi kubwa la wanasayansi wenzake walilazimika kuandika katika jarida la Nature Photonics kueleza kifaa gani ni aizoleta na kipi si aizoleta. Vifaa visivyo na sumaku, visivyobadilika na wakati na vyenye mwitikio ulionyooka, yaani unaokua sawia na nuru inayoingia, vilikuwa vinatangazwa kuwa vya njia moja, ilhali kanuni ya usawa wa kwenda na kurudi ilikuwa haijaguswa.

Na hata ulinzi dhidi ya dosari, ambao watu huutaja kwa pumzi moja na neno topolojia, unahitaji kuulizwa. Mwaka 2023 kundi la Søren Stobbe katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark lilizipima njia za nuru zilizojengwa juu ya mabonde mawili, aina iliyokuwa ikisifiwa kuwa haijali kasoro za utengenezaji. Walikuta nuru inarudi nyuma kwa wingi, na hawakupata dalili ya ulinzi ule uliotarajiwa. Sijashangaa. Kasoro za kweli za chipu ni mikwaruzo ya nanomita chache kwenye kuta za matundu, na mikwaruzo midogo kiasi hicho ndiyo hasa inayoirusha nuru kutoka bonde hili hadi lile. Mchoro wa kompyuta wenye kona kali lakini kuta laini hautaonyesha hilo kamwe. Inahitajika chipu halisi na kipimo cha nuru inayorudi, na ninaamini hicho ndicho kipimo ambacho tunamdai kila anayeandika neno "ulinzi" kwenye kichwa cha makala yake.

Wale wanaotaka njia moja kwenye chipu wana sababu ya matumaini, ila matumaini hayo yako kwingine. Mwaka 2021 makundi kadhaa ya Marekani na Uswisi yalionyesha aizoleta za chipu zisizo na sumaku, zinazotumia mawimbi ya sauti ya masafa ya juu yanayopita ndani ya kifaa. Wimbi la sauti lina mwelekeo wake, haligeuki nuru inapogeuka, na hivyo linaijibu nuru inayorudi tofauti na inayokwenda. Ni wazo lilelile la Stanford la kuuchezea wakati, limepewa mwili mwingine. Fedha za utafiti zinazotafuta mbadala wa sumaku ya aizoleta zielekee huko.

Mpindo wa matundu una thamani yake, na ni kubwa bila kuazima sifa ya jirani. Ndani ya kiwango cha Landau kilicholala, nuru ya mahali pengi inakuwa na masafa mamoja, na mwendo wake unafifia karibu na kusimama. Nuru iliyojazana hivyo hugusana na maada kwa nguvu zaidi: chanzo kidogo cha nuru kilichopandikizwa hapo kinaweza kuitoa haraka zaidi, na leza inaweza kuanza kuwaka kwa nishati ndogo. Watengenezaji wa chipu wamekuwa wakiipunguza mwendo nuru kwa mbinu nyingine kwa miaka mingi, kwa kuibana kwenye tundu moja au kwenye njia nyembamba. Uga wa kubuni unaieneza hali hiyo kwenye eneo pana, na kumpa msanifu wenzo wa kurekebisha ambao hakuwa nao: ongeza mpindo, vidato vinaachana, punguza, vinasogeleana. Kwa kazi hiyo, kwamba nuru ya mabonde mawili inaona nyuga zinazopingana hakudhuru kitu, maana vidato vya nyuga hizo mbili vinakaa kwenye masafa yaleyale.

Kikwazo kilichobaki ni uvujaji. Kipande cha silikoni ni chembamba, na sehemu ya nuru iliyo ndani ya viwango hivyo hutoroka kuelekea juu na chini. Utorokaji huo ndio uliowawezesha watafiti kuviona vidato, kwa kuikusanya nuru inayotoka, na ndio huohuo unaofupisha muda wa nuru kukaa ndani. Takwimu nitakayoitafuta kwanza katika makala zijazo ni muda huo: nuru inakaa ndani ya kidato kwa mizunguko mingapi ya wimbi kabla ya kuvuja, na je, upana wa kidato unabaki mdogo kuliko nafasi kati yake na kidato cha jirani pale chanzo halisi cha nuru kinapowekwa ndani ya silikoni.